Leza Haikosi? Uliza Anayeishika

Kila mifugo ikiibwa huku kwetu, lazima kuna kijana atasema serikali itume droni, ipige hao majangili na kombora la leza, kwisha maneno. Eti leza haikosi. Nimeisikia Lodwar, nimeisikia Kakuma, na mara nyingi anayesema ni mtu wa magemu. Mimi ni mtoto wa Namoruputh, huko karibu na mpaka wa Uganda, na magemu ya urubani nayapenda kuliko chakula. Ndio maana nataka tuongee hii maneno vizuri, kwa sababu gemu lenyewe ukilicheza kwa makini linakukatalia.

Chukua DCS World. Ile Su-25T yake ni ya bure, kwa hivyo wengi wetu tulianzia hapo. Unatafuta kifaru kwenye skrini, unakifunga, unawasha leza, unaachilia kombora. Wasee wengi wakifika hapo wanageuza ndege wakimbie, na kombora linaenda kuchimba mchanga. Kwa nini? Kwa sababu kombora la aina hii halikijui kifaru. Halijui hata kama kuna vita. Pale mbele lina jicho linalotafuta kitu kimoja tu: mwanga wa leza unaorudi baada ya kugonga mahali fulani. Mwanga unatoka kwako, au kwa ndege ya mwenzako, au kwa askari aliyelala kichakani na kifaa chake. Ukizima, ukijificha nyuma ya mlima, wingu likiingia katikati, kombora limebaki kipofu.

Halafu kuna ile namba. Leza inapiga mapigo kwa mpangilio, na mpangilio una namba ya tarakimu nne. Kwenye DCS namba unayoanza nayo huwa 1688. Kama wewe na mwenzako nyote mmeacha 1688, kombora lako linaweza kufuata nukta yake, na utashangaa mbona umepiga kitu ambacho hukukitazama. Leza ya Su-25T nayo inachoka: ukiiwasha muda mrefu inapata moto, inabidi uipumzishe. Na ukihamia helikopta ya Apache, kombora la Hellfire hupanda juu kwanza kabla ya kushuka, kwa hivyo mawingu yakiwa chini linaingia humo na kuipoteza nukta. Shabaha ikiwa mbali kilomita nane, unaishikilia hiyo nukta karibu nusu dakika huku watu wanakupiga risasi. Nusu dakika ni ndefu, jaribu kuhesabu. Na hapo hujaweka vumbi. Vumbi kama la Lodwar la saa tisa mchana linatawanya mwanga wa leza kabla haujafika.

Sasa historia. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman kule California mwaka 1960. Kufika 1968 Wamarekani walikuwa wanajaribu mabomu ya leza Vietnam. Kulikuwa na daraja moja, Thanh Hóa, walilolishambulia tangu 1965, ndege zikaenda na kuangushwa, na daraja limesimama tu. Mei 1972 mabomu ya leza yakaliangusha. Hapo ndipo hadithi ya "haikosi" ilipozaliwa, na kwa daraja ni kweli kabisa. Daraja halihami. Daraja halina mtoto ndani.

Huku kwetu vita vya angani tulivijua kwa njia nyingine. Kambi ya Kakuma ilianza 1992, na wengi wa waliofika mwanzo walikuwa wanakimbia vita kusini mwa Sudan, wengine ni vijana wadogo waliotembea miezi mingi. Wazee wao wakikuhadithia, neno litakalokuja haraka ni Antonov. Hiyo ni ndege ya mizigo. Jeshi la Sudan lilipakia mabomu ndani yake, na wakifika juu ya kijiji wanayasukuma yatoke kwa mlango wa nyuma, kama unavyoshusha mapipa kwenye lori. Hakuna nukta, hakuna namba, hakuna jicho. Linaanguka linapoanguka: shuleni, sokoni, kisimani. Majeruhi walisafirishwa hadi Lopiding, hospitali ya Msalaba Mwekundu pale Lokichoggio iliyofunguliwa 1987. Ukilinganisha na hiyo, naelewa kabisa mtu akisema leza ni maendeleo. Mimi pia nikipewa kuchagua nani aniruke juu, sitachagua Antonov.

Lakini angalia Somalia, jirani yetu. Septemba 1, 2014 Wamarekani walimuua Ahmed Abdi Godane, kiongozi wa al-Shabaab, na wakatangaza wenyewe kwamba walitumia Hellfire na silaha nyingine za leza. Shabaha ilikuwa sahihi, na waliomlenga walimjua. Kisha njoo Aprili 1, 2018, karibu na El Buur. Gari likapigwa. Taarifa ya kwanza ilisema ni magaidi watupu, hakuna raia aliyeuawa. Mwaka mmoja baadaye kamandi ya Marekani ya Afrika ikakubali kwamba kulikuwa na mwanamke na mtoto, na wote wawili walikufa. Sasa niambie, hapo walikosa nini? Gari walililenga, na gari ndilo lililopigwa. Kilichokosewa ni jibu la swali la nani yuko ndani ya gari, na hilo leza haliulizi.

Nawaletea haya kwa sababu si mambo ya mbali. Januari 2017 Marekani iliidhinisha kuiuzia Kenya ndege 12 za Air Tractor AT-802L pamoja na silaha za leza, kwa dola milioni 418. Ni ndege ya kunyunyizia mashamba dawa iliyogeuzwa ya vita, usicheke. Biashara ile ilizua mabishano mpaka kule bungeni kwao na haikufika mwisho. Lakini Februari 2023 jeshi liliingia North Rift kupambana na majangili, na Turkana ilikuwa kati ya kaunti zilizotangazwa kuwa hatari. Hapo ndipo kelele za "piga na leza" zilipopanda zaidi, na nyingi zilitoka kwa vijana wenye umri wangu.

Buda, unajua ukiwa Loima ni nani anatembea na bunduki? Jangili anatembea nayo. Mchungaji aliyeibiwa mara tatu pia anatembea nayo. Askari wa akiba wa kijiji pia. Kiangazi kikikaza Waturkana wanavuka na mifugo kwenda upande wa Moroto, kwa Wamatheniko. Hao ndio tuliofanya nao amani pale Lokiriama mwaka 1973, wazee wakazika silaha ardhini. Amani ile ilifanyika kwa sababu wazee wa pande zote walijuana kwa jina na kwa ukoo. Kwenye skrini ya rubani, kutoka juu, hao wote ni watu wembamba wenye kitu kirefu begani, nyuma ya ng'ombe, ndani ya vumbi.