Mwenye Gitaa Aliyejiita Wavulana

Shika santuri yoyote ya benga ya Kikamba ya miaka ya 1970 au 1980, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, usome karatasi iliyobandikwa katikati. Jina kubwa ni la kundi: Kalambya Boys, Kyanganga Boys, Lower Mbooni Boys, Ngoleni Brothers. La mtunzi limebanwa pembeni kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Mara nyingi huyo wa herufi ndogo ndiye aliyetunga wimbo, akauimba, akashika gitaa la solo na kuwakusanya wenzake kwenda studio Nairobi. Kundi lilikuwa lake. Wapigaji waliingia na kutoka, yeye akabaki.

Kwa wanaroki wa Ulaya na Marekani mambo huenda kinyume. Mtu hupata jina ndani ya bendi, wakikosana anatoka na kurekodi peke yake. Paul McCartney alipoachana na Beatles mwaka 1970, albamu yake ya kwanza aliipa jina lake mwenyewe, na karibu ala zote alizipiga yeye. Ukambani msanii wa namna hiyo alikuwepo, ila hakuona haja ya kujitangaza. Onesmus Musyoki alitosha kuwa Onesmus Musyoki, lakini santuri zikatoka kwa jina la Kalambya.

Nadhani sababu moja ni soko. Wanunuzi wengi wa santuri hizo walikuwa watu waliotoka kwao kutafuta kazi: viwandani Nairobi, bandarini Mombasa, jeshini, polisi. Jina la mtu wasiyemjua halikuwagusa kama jina la mlima au kijiji cha nyumbani. Mtu wa Mbooni akisikia Lower Mbooni Boys dukani River Road, Nairobi, mkono unaingia mfukoni kabla wimbo haujafika kiitikio. Tena tukumbuke kwamba Makueni, iliko Mbooni, haikuwa wilaya hadi 1992. Kabla ya hapo yote ilihesabiwa kuwa Machakos. Kwa miaka mingi, basi, santuri iliitangaza Mbooni kuliko ramani ya serikali.

Benga yenyewe ilitoka kwa Wajaluo, pande za ziwa, ikaenea nchini katika miaka ya 1970. Wakamba hawakuichukua nzima nzima. Sikiliza magitaa mawili. Moja linakaa chini, linashika kodi na kuongoza njia. La pili linapanda juu kabisa ya shingo na kushona nota ndogondogo za haraka zinazozunguka bila kuchoka, zikijaza kila upenyo ambao sauti za waimbaji zimeuacha. Mzunguko huo mwepesi wa juu ndio unaokujulisha, hata kabla hujasikia neno la Kikamba, kwamba hapa tumevuka Mto Athi. Chini yake ngoma kubwa ya kukanyagwa inagonga sawasawa, pigo kwa pigo. Peter Mwambi na Kyanganga Boys waliisukuma ngoma hiyo mbele kiasi cha kuwachosha wageni. Wenyeji ndiyo waliyoitaka, maana benga ni ya kuchezwa, si ya kukaa na kutafakari.

Santuri ndogo haikubeba zaidi ya dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulibeba kisa na maneno. Ukiigeuza, waimbaji wanapunguza na magitaa yanachukua nafasi. Mwenye kundi ambaye jina lake halionekani vizuri kwenye karatasi anasikika hapo waziwazi, akilitembeza gitaa lake hadi sindano inapofika mwisho. Anayetaka kujua umahiri wa hawa watu aanze na upande wa pili.

Kakai Kilonzo alikwenda mbali kuliko wengi, naye pia alijificha nyuma ya mlima: Kilimambogo Brothers, au Les Kilimambogo, kwa jina la ule mlima ulio karibu na Thika. Ujanja wake ulikuwa lugha. Nyimbo zake nyingi, ikiwemo “Mama Sofi”, aliziimba kwa Kiswahili, zikapendwa na Wakenya wasiojua neno moja la Kikamba, huku magitaa yakibaki ya Ukambani mtupu. Alifariki 1987 akiwa bado kijana, na kundi halikupata tena kiongozi wa kimo chake. Kama lingekuwa kundi la ndugu kweli, pengo lisingekuwa kubwa hivyo.

Musyoki naye alikuwa na jina la tatu. Mbali na Boys, kulikuwa na Kalambya Sisters, mabinti walioimba kwa sauti nyembamba za pamoja huku Boys wakiwapigia. Kibao chao, “Katelina”, ni kisa cha kuchekesha cha msichana mpenda uki, ile pombe ya kienyeji, ambaye kila mwaka hurudi na mimba. Kimerudiwa na wengine mara nyingi, na kilivuka hadi Ulaya: katika miaka ya 1980 kilitolewa na Zensor, lebo ndogo ya Berlin Magharibi iliyozoeleka kwa bendi za panki na roki ya majaribio. Sijui kama kuna Mkamba mwingine aliyewahi kupangwa rafu moja na vijana wa nywele za miiba.

Kaseti zikaja, zikarudufiwa vichochoroni bila mtunzi kuona senti, ingawa Chama cha Hakimiliki za Muziki, MCSK, kilikuwapo tangu 1983. Baadaye zikaja redio za lugha ya mama kama Musyi FM, na watangazaji wakahitaji mtu wa kumwita studio na kumhoji. Kundi haliwezi kuhojiwa vizuri. Hapo majina yakageuka. Ken wa Maria alipovuma na “Fundamentals” mwanzoni mwa miaka ya 2010, hakuna aliyeuliza ni Boys wa wapi. Leo waimbaji Kativui Mweene na Maima wanajaza kumbi kwa majina yao, mashabiki wakigombana ni yupi mfalme.

Bendi hazijafa. Gitaa la juu bado linashona mzunguko uleule, na anayelishika mara nyingi si yule aliye kwenye bango. Redio hutaja mwimbaji, wimbo, pengine na bwana harusi aliyeuomba. Mpiga solo hatajwi, wala hana tena hata karatasi ya santuri ya kuandikwa kwa herufi ndogo.