Shikamoo ilitoka wapi, na adabu inakwenda wapi?

Huku Riyadh tu wazima, tatizo ni joto tu.

Leo tuongee jambo ninalolisikia kila nikipiga simu nyumbani: vijana hawana adabu, shikamoo imekufa, mtoto anamwambia mjomba wake "mambo". Msidhani ni kwenu tu jamani. Wazee wa Kisaudi ninaowauguza nao wanalia hivyo hivyo. Mwaka 2019 serikali yao ilitoa hadi kanuni za adabu za hadharani: ukitupa taka ovyo, ukiruka foleni, ukipiga muziki wakati wa sala au ukimpiga mtu picha bila ruhusa, unatozwa faini!

Lakini kabla hatujaizika shikamoo, tuulize kwanza ilizaliwa wapi. Neno linatokana na "nashika moo", yaani naishika miguu yako. Pwani ya karne ya 19 ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake na ya mnyonge kwa mkubwa. Waungwana wenyewe kwa wenyewe walipeana sabalkheri na masalkheri. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, utumwa wenyewe ukapigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Mabwana waliondoka, salamu ikabaki. Ikapanda bara pamoja na Kiswahili, na njiani ikabadilika: badala ya kufuata cheo, ikafuata umri. Mtoto wa waziri akawa anamwamkia mama muuza vitumbua. Kwangu mimi hayo ni mapinduzi, tena yasiyo na risasi hata moja.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tukajaribu tena, kila mtu akaitwa Ndugu, hata waziri. Ilipofika miaka ya 1990 "Mheshimiwa" akarudi kwa kishindo, na sasa hata diwani hukunja uso ukimwita Ndugu.

Nikaja kuona kinyume chake huku. Ukienda Jeddah, tembea Al-Balad, mji wa zamani wenye madirisha ya mbao yaliyochongwa, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2014. Ni mji wa bandari, karne nyingi umepokea mahujaji, na umepokea watumwa pia, wengi kutoka Afrika. Saudi Arabia iliufuta utumwa mwaka 1962 tu, kwa tangazo la Faisal, aliyekuwa mrithi wa ufalme na waziri mkuu. Maana yake wapo wazee hai waliozaliwa wakati binadamu bado ananunuliwa. Leo mfagiaji au mbeba mizigo akiitwa huku huitwa "sadiq", yaani rafiki. Neno zuri kabisa! Ila anayeitwa hivyo jina lake halijawahi kuulizwa. Kwa hiyo neno la mtumwa linaweza kuwa heshima, na neno la rafiki linaweza kuwa dharau.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Nyote mmewahi kumwona bibi wa miaka 70 hospitalini kwetu akimwamkia nesi wa miaka 25: "Shikamoo nesi." Na nesi anaitikia marahaba bila haya, au haitikii kabisa. Bibi yule hana upungufu wa adabu. Anaogopa asipowahi kunyenyekea hatahudumiwa. Hapo shikamoo imerudi ilikotoka, kushika miguu.

Ndiyo maana sikubali kwamba ufidhuli umeletwa na vijana. Ufidhuli hukaa zaidi kwa mwenye nafasi: aliye nyuma ya dirisha la ofisi, mwenye gari, mwenye sare, na sisi manesi tumo. Mafundisho ya salaam tuliyosomeshwa chuoni yanasema mdogo amsalimu mkubwa, ni kweli, lakini yanasema pia aliyepanda mnyama amsalimu anayetembea kwa miguu. Aliye juu ndiye anayeanza. Nusu ya kwanza tunawachapia watoto, nusu ya pili tumeisahau.

Basi wapendwa, mkilalamika kwamba watoto hawaamkii, tazameni wanajifunza nini humo ndani. Dada wa kazi anayeamka kabla ya wote, nani humuuliza ameamkaje? Mtoto akiona mama yake anamsalimia dada kwa jina lake, atajua salamu ni kumjali mtu. Akiona dada anapigiwa kelele tangu alfajiri, atajua salamu ni woga, na siku atakapoacha kuogopa ataiacha na salamu yenyewe.

Nisalimieni wote, na dada wa kazi mumwanze yeye. Wasalaam.