Mizani na Ufunguo

Wahenga walisema kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Historia ya mahakama katika mwambao wa Bagamoyo ni tafsiri ndefu ya methali hiyo: nani ashike mizani ya hukumu, na nani ashike ufunguo wa nyumba ya hukumu.

Zama za Sultani wa Unguja, liwali aliutawala mji na kusikiliza mashauri barazani pake, kadhi naye akiamua ya ndoa na mirathi. Wajerumani, walioifanya Bagamoyo makao yao makuu hadi mwaka 1891, hawakumwondoa liwali; walimweka chini ya bwana wa wilaya. Boma lililojengwa mwaka 1897 likayafunika kwa paa moja utawala na hukumu. Vijijini, akida alidai kodi, na akida huyo huyo akaamua magomvi. Aliyeonewa na akida amshitakie nani?

Waingereza walileta Mahakama Kuu mwaka 1920. Lakini sheria ya mwaka 1929 ilizitoa mahakama za wenyeji katika uangalizi wa majaji, ikazikabidhi kwa maofisa wa utawala. Mapaa yakawa mawili, mwenye ufunguo akabaki yule yule.

Fundo hilo lilikatwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963. Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi zikawekwa katika ngazi moja chini ya Mahakama Kuu. Mwaka 1979 ikaongezwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Likabaki fundo la ndani, kwani wasajili walibeba mashauri na bajeti kwa mkono mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 ikaigawa mizigo hiyo. Juu yupo Jaji Mkuu. Chini yake, Msajili Mkuu husimamia mwenendo wa mashauri, na Mtendaji Mkuu husimamia fedha, watumishi na majengo. Jaji Kiongozi huiongoza Mahakama Kuu.

Mjane anayedai shamba la minazi la marehemu mumewe havijui vyeo hivi, wala si lazima avijue. Lakini jalada lake likipotea, au chumba cha hakimu kikivuja, haki yake hulala njiani. Ufunguo haupimi haki. Ila mlango ukifungwa, mizani nayo haipimi kitu.