Kutoka Maji Kujaa Hadi Bahari Kuu

Msafiri afikapo Bulwa, katika Usambara ya Mashariki, hudhani yu mbali na mambo ya bahari. Hata hivyo, historia yaonyesha kwamba milima hiyo iliwekwa nje ya milki ya Zanzibar kwa kipimo kilichoanzia ufukoni.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia Sultani Barghash, pamoja na visiwa, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kuelekea bara. Kipimo kilianzia pale maji yafikiapo yanapojaa. Bulwa, iliyo mbali zaidi ya hapo, ikaangukia eneo la Ujerumani. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilikodishiwa utawala wa sehemu ya kusini ya ukanda huo, na mwaka 1890 Ujerumani ikainunua kwa marki milioni 4. Upande wa Kenya ukanda uliendelea kuhesabiwa kuwa wa Sultani hadi mwaka 1963.

Baada ya uhuru kipimo kiligeuka: kikatoka nchi kavu kwenda baharini. Mwaka 1973 Tanzania ilitangaza kuwa bahari yake ni ya maili 50. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 ukaweka maili 12 kwa bahari ya nchi na maili 200 kwa ukanda wa kiuchumi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1989 ikafuata vipimo hivyo. Safari hii kipimo kwa kawaida huanzia mstari wa maji kupwa. Wavuvi wetu hawachanganyi kupwa na kujaa. Mfasiri aandikaye "ufukoni" kwa yote mawili hupoteza mchanga na mikoko yote iliyo katikati.

Neno "maili" nalo lina mtego. Maili ya baharini ni mita 1,852, hali ya nchi kavu ni kama mita 1,609. Katika maili 200 tofauti hiyo inazidi kilomita 48. Kwa hiyo hati yoyote ya mipaka haina budi kutamka "maili za baharini".

Gumu zaidi ni istilahi "bahari kuu". Sheria ya mwaka 1998 iliweka msingi wa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, ambayo husimamia uvuvi katika ukanda wetu wa kiuchumi. Katika matumizi hayo, samaki wa bahari kuu ni mali ya taifa, na meli ya kigeni huwavua kwa leseni. Lakini wapo wafasiri watumiao neno hilo hilo kwa maji yaliyo nje ya maili 200, ambayo hayamilikiwi na dola yoyote. Neno moja, basi, limebeba kilicho chetu na kisicho cha mtu.

Twapendekeza "bahari kuu" ibakie katika matumizi ya uvuvi yaliyokwisha kuzoeleka, na maji yasiyo na mwenyewe yaitwe "bahari huria". Mwaka 1886 mipaka ya pwani yetu iliandikwa kwa lugha za wengine. Sasa tunaiandika kwa Kiswahili, na kosa la neno litakuwa letu wenyewe.