UZI: Ukitaka kuelewa vita vya kuta Mombasa, anza 1908

1. Kampeni zikianza Pwani, maneno ya ukuta hayakosi. Mmoja anapanda jukwaani anasema kaunti inanyanyasa wananchi kwa vibali vya kujenga ua. Mwingine anasema kuta za mabwanyenye zibomolewe zote. Na umati ni ule ule, unawapigia makofi wote wawili! Leo naeleza historia iliyo nyuma ya kelele hizi. Sitaji jina la mtu wala chama. Tulieni, ni uzi mrefu kidogo.

2. Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, "ua" ni ule uzio wa makuti au miti, na pia ni ile nafasi iliyozungushiwa, ambako watu wanapika, wanafua na kupumzika. Ua ulikuwa wa faragha, nyuma. Mbele kulikuwa na baraza, na barazani hukai peke yako. Tembea Mji wa Kale utaona: ukuta wa nyumba ndio mpaka, ukitoka mlangoni uko njiani.

3. Desturi ya pili ni nzito zaidi. Pwani, mwenye ardhi na mwenye kilicho juu ya ardhi wangeweza kuwa watu wawili. Shamba langu, minazi yako. Kiwanja changu, nyumba yako. Watu waliishi hivyo na hawakuona ajabu. Ni sheria ya Kiingereza ndiyo iliyokuja na fikra kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Shikeni hilo, tutalirudia.

4. Mwaka 1895 Uingereza ilichukua usimamizi wa ukanda wa maili 10 kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, kwa malipo ya pauni 11,000 kila mwaka. Mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria katika ukanda huo. Mwaka mmoja baadaye, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi: kila anayedai ardhi apeleke madai yake yasajiliwe. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni.

5. Sasa jiulize ni nani angeweza kupeleka madai. Ni mwenye karatasi, au mwenye mtu wa kumwandikia, na anayejua ofisi iko wapi. Aliyekuwa mtumwa mwaka mmoja nyuma atatoa wapi karatasi? Wamijikenda nao walishika ardhi kwa ukoo, na sheria ilitaka jina la mtu. Wengi wakajikuta wanaishi pale pale walipokuwa, ila sasa juu ya ardhi ya mwingine.

6. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa 1896, kisha bandari ya Kilindini ikakua. Watu wakaja kutafuta kazi na walihitaji pa kulala. Wenye hati wakakata viwanja, wakavikodisha. Wewe unajenga nyumba yako, unamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja kila mwezi. Hiyo ndiyo "nyumba bila ardhi". Majengo, Kisauni, Likoni, watu wamezaa na kuzika hapo, na mwenye ardhi bado anaweza kutoa notisi.

7. Mwaka 1963, ukanda ulipojumuishwa rasmi na Kenya, makubaliano yaliahidi kwamba hati zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa. Kwa hivyo bendera ilibadilika, daftari la ardhi likabaki lile lile.

8. Haya, tuje kwenye ukuta. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zilizipa halmashauri nguvu ya kudhibiti ujenzi mijini. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, ikasema wazi kwamba "mipaka na uzio" ni kazi ya kaunti. Ndiyo, uzio umetajwa katika Katiba! Kisha sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 ikasema hakuna kuendeleza ardhi bila kibali cha kaunti. Ukikaidi, faini ni hadi shilingi 500,000, au kifungo hadi miezi 2, au vyote viwili.

9. Na ukienda kuomba kibali, unaulizwa nini? Mchoro, risiti za kodi ya ardhi, na nakala ya hatimiliki. Hapo ndipo 1908 inapokungoja dirishani. Chukua majirani wawili. Mmoja ana hati, anapeleka karatasi, anajenga ukuta wa mawe. Wa pili amejenga nyumba kwa jasho lake, anailipia kiwanja kila mwezi, lakini hati si yake. Akizungusha hata mabati kuzuia wezi, amevunja sheria. Si ati amekataa kufuata utaratibu. Utaratibu hauna mlango wake.

10. Kuna jambo lingine ambalo watu hawapendi kulisikia. Sheria ya Kenya inasema ukikalia ardhi ya mtu kwa uwazi miaka 12, bila ruhusa yake, unaweza kwenda kortini kuidai. Ndiyo maana wenye hati wanakimbilia kujenga kuta kwenye mashamba wasiyoyatumia. Lakini ukiwa unalipa kodi ya kiwanja, wewe uko pale kwa ruhusa, na miaka hiyo haihesabiki. Kwa hivyo anayekwambia "zungusha ua, ardhi itakuwa yako" anakudanganya mchana kweupe.

11. Upande wa bahari nako. Kanuni za upimaji za 1994 zinasema ardhi ya serikali ya ufuoni ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida ziachwe mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Ona maneno: "ardhi ya serikali", "ikipimwa ili igawiwe". Viwanja vingi vya ufuoni vilipata hati zamani sana. Mvuvi anakuta ukuta katika njia aliyoipita babu yake, na mwenye ukuta anatoa hati halali. Wote wawili wanasema kweli, na wote wana hasira.

12. Basi vibali vifutwe? Mimi nasema hapana. Ukuta ukijengwa ovyo unaziba mtaro, na mvua ya masika inaingia kwa jirani. Unabana njia mpaka gari la zimamoto halipiti. Ukiwa na msingi mbovu, unaangukia watoto. Kibali kina kazi yake. Ubaya ni kumpa mwenye hati peke yake, halafu kumtuma kanjo na nyundo kwa asiye nayo.

13. Na hapa ndipo wanasiasa wanapotuchezea. Kibali kiko mikononi mwa kaunti. Hati iko kwa serikali ya kitaifa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Wa kaunti atakwambia, "Leta hati." Wa kitaifa atakwambia, "Uzio si kazi yangu." Wewe unazungushwa katikati, mwaka hadi mwaka. Anayegombea ubunge akikuahidi kufuta kibali cha ua, anakuahidi kitu kisicho katika ofisi anayoiomba.

14. Kwa hivyo akija mtaani kwenu, muulizeni maswali 3. Moja: mwenye nyumba bila ardhi ataombaje kibali, kwa karatasi gani? Mbili: njia za umma za kwenda ufuoni zimechorwa kwenye ramani ya kaunti, na nani atazilinda kabla ukuta haujajengwa? Tatu: hati zetu zitatoka ofisi gani, na wewe utakaa ofisi gani? Akijibu la tatu kwa ngoma na fulana, mmeshapata jibu.

15. Na kwa mwenye hati anayesubiri: sheria ya 2019 inasema usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali kinachukuliwa kuwa kimetolewa. Weka risiti ya siku uliyopeleka maombi. Wapelekee uzi huu majirani, hasa wale waliogombana kwa sababu ya ukuta.