Mnadhimu au kiranja?

Tundu Lissu alipokuwa Mnadhimu Mkuu wa Kambi Rasmi ya Upinzani katika Bunge la Tanzania, wenye cheo kama chake kule Nairobi waliitwa viranja: kiranja wa wengi, kiranja wa wachache. Kazi ni moja na chimbuko ni moja, Bunge la Uingereza, ambako mwenye kazi hiyo huitwa ‘whip’, yaani mjeledi. Si Dodoma wala Nairobi walikokubali kumwita mbunge mwenzao mjeledi, na kwa hilo nawapongeza. Ila kila upande ulilikwepa neno hilo kwa njia yake, na njia hizo hazifiki mahali pamoja.

Neno la Kiingereza limetoka kwenye uwindaji wa mbweha. Mabwana wa mashambani walipanda farasi, kundi la mbwa likitangulia mbele yao. Mbwa mmoja akinusa harufu nyingine akataka kwenda zake, palikuwapo msaidizi ambaye kazi yake ilikuwa kumrudisha kundini kwa mjeledi. Wabunge wengi wa karne ya 18 walikuwa wawindaji haohao, na mwaka 1769 Edmund Burke alikwishaitumia lugha hiyo ya porini bungeni, akieleza jinsi mawaziri wa mfalme walivyowakusanya wafuasi wao waje kupiga kura. Picha iliyojificha humo ni kali: chama ni kundi, mbunge ni mbwa, na harufu anayoinusa peke yake haihesabiwi.

Ugumu wa mfasiri hauishii kwenye picha. Neno hilo limezaa maana tatu, na anayedhani ni moja atapotea. Kwanza ni mtu. Pili ni karatasi ambayo mtu huyo huwapelekea wabunge wa chama chake, yenye orodha ya mijadala na kura za juma linalokuja. Jambo dogo hupigiwa mstari mmoja chini yake, zito kidogo miwili. Likipigiwa mitatu, mbunge anatakiwa awepo na apige kura na chama chake, na asipofanya hivyo ajue atakiona. Tatu ni uanachama wenyewe ndani ya Bunge. Septemba 2019, wabunge 21 wa Conservative waliipinga serikali ya Boris Johnson katika suala la kutoka Umoja wa Ulaya bila mkataba. Kati yao walikuwamo Ken Clarke, Philip Hammond na Nicholas Soames, mjukuu wa Winston Churchill. Kiingereza kinasema walinyang'anywa mjeledi. Ukiandika kwamba walinyang'anywa mnadhimu, msomaji atadhani kuna ofisa aliyehamishwa. Kilichotokea ni kwamba waliondolewa katika kundi la wabunge wa chama, wakabaki na viti vyao bila chama.

Hapo tafsiri inakutana na katiba. Kwa ibara ya 71 ya Katiba ya Tanzania, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, anapoteza na ubunge. Kiti kinakwenda pamoja na kadi. Kwa hiyo neno linaloonekana kali London lingekuwa kali zaidi Dodoma kama lingetafsiriwa lilivyo.

Sasa turudi kwa mtu mwenyewe. Mnadhimu ana mzizi wa Kiarabu uleule uliotupa nidhamu. Jeshini tunaye Mnadhimu Mkuu pia, na sikio la Mtanzania haliwezi kulisikia neno hilo bila kusikia gwaride kwa mbali. Kiranja ametoka kwingine. Zamani alikuwa yule kijana anayetangulia kutahiriwa jandoni, wenzake wakimfuata. Shule zikamchukua, akawa mwanafunzi anayepanga mstari na kuandika majina ya wapiga kelele. Yeye naye ni mwanafunzi.

Sifa hiyo ya kiranja naiheshimu, kwa sababu kazi yenyewe ina njia mbili. Anayewapelekea wabunge amri za wakubwa ndiye anayetakiwa awaambie wakubwa kinachosemwa na wabunge na wananchi wao. Mwishoni mwa 2020, Irungu Kang'ata, kiranja wa wengi katika Seneti ya Kenya, alimwandikia Rais Uhuru Kenyatta barua kwamba marekebisho ya katiba yaliyojulikana kama BBI hayakupendwa Mlima Kenya. Februari 2021 alivuliwa cheo. Alikuwa amefanya nusu ya pili ya kazi yake.

Hata hivyo, kiranja ana kasoro nisiyoweza kuipuuza: palipo na kiranja pana mwalimu. Katika Bunge lililochaguliwa na wananchi, mwalimu ni nani? Neno linampa kiti mtu asiyepaswa kuwapo. Ndiyo maana nachagua mnadhimu, si kwa ajili ya gwaride bali kwa ajili ya ushairi, kwani mzizi huohuo ndio uliotupa kunudhumu, kupanga maneno hadi kila mshororo utimize mizani yake. Kazi hii kwa kweli ni ya hesabu: nani yupo, nani anaumwa, nani anasitasita, kura ngapi zinapungua. Kwa karatasi napendekeza wito, na ile kali iitwe wito wa mistari mitatu. Maana ya tatu ielezwe kwa maneno ya kawaida, kwamba fulani ameondolewa katika kundi la wabunge wa chama.

Linabaki neno moja linalonisumbua, nalo ni la yule anayekataa kurudi kundini. Wamarekani humwita ‘maverick’, kwa jina la Samuel Maverick wa Texas, mfugaji wa karne ya 19 ambaye hakuwapiga chapa ng'ombe wake, hata ng'ombe yeyote asiye na alama akaitwa kwa jina hilo. Neno hilo halisifu wala halilaumu. Linasema tu kwamba huyu hana chapa ya mtu. Magazeti ya Kenya yana mbunge mwasi, na hapo lawama imekwishaingia. Mkaidi ni hivyohivyo. Mwenye msimamo ni sifa, na mnadhimu wake hatakubali kuitamka. Mbunge huru tumekwishampa asiye na chama. Kwa sasa naandika mbunge asiye na chapa, na ninajua kwamba msomaji wa mjini, ambaye hajawahi kuona ng'ombe akipigwa chapa, atahitaji sentensi moja zaidi.