Tezi iliyotoka baharini

Wavuvi wa Kigombe, kusini mwa jiji la Tanga, hutega jarife kwenye kina kirefu wakiwinda papa. Tangu mwaka 2004 nyavu hizo zimekuwa zikipandisha samaki asiye na soko: mkubwa, wa buluu nzito yenye madoa meupe, magamba magumu, nyama iliyojaa mafuta kiasi cha kumharisha mlaji. Mapezi yake yameota juu ya vikonyo vinene vya nyama, na akiwa majini huyachezesha kwa kupishana, la kulia likienda mbele la kushoto linarudi nyuma. Huyo ndiye silikanti, aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 pwani hiyo, kuanzia mlango wa Mto Pangani kuelekea kaskazini, ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Habari zake zimeandikwa sana. Linalosemwa kwa nadra ni kwamba samaki wana siri ya tezi nne zilizojificha shingoni mwetu, nyuma ya tezi ya thairoidi. Zinaitwa parathairoidi, na kila moja ina uzito wa miligramu 30 hadi 50 tu.

Kazi yake ni moja: kulinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Lita ya maji ya bahari ina miligramu 400 hivi za madini hayo. Lita ya damu ya binadamu ina 100 hivi. Samaki wa baharini amezungukwa na akiba, anaichota kwa matamvua, yale ambayo wavuvi huyaita mashavu. Mnyama wa nchi kavu hana pa kuchota isipokuwa chakula na mifupa yake mwenyewe, ambamo mtu mzima ameweka kilo moja hivi ya kalsiamu, yaani asilimia 99 ya yote aliyo nayo.

Seli za parathairoidi zina vipokezi vinavyopima kalsiamu ya damu saa zote. Ikishuka hata kidogo, tezi humwaga homoni papo hapo. Mifupa huachia kiasi, figo huzuia kalsiamu isipotee na mkojo huku zikitupa fosfeti, kisha figo hizohizo huiamsha vitamini D ili utumbo unyonye zaidi. Kalsiamu ikipanda, ni yenyewe inayoizuia tezi isitoe. Homoni haidumu damuni zaidi ya dakika chache, kwa hiyo amri ya jana haimsumbui mtu leo.

Kuyajua haya kulichukua muda mrefu mno. Mwaka 1850 Mwingereza Richard Owen, akipasua mzoga wa kifaru wa India aliyefia London, alikiona kitezi cha manjano akaendelea na shughuli zake. Mwaka 1880 Msweden Ivar Sandström alizieleza tezi hizo kwa binadamu, na karibu hakuna aliyemsikiliza. Wakati huohuo wagonjwa waliokatwa goita walikuwa wakikakamaa misuli, wengine hadi kufa, kwa sababu madaktari waliziondoa tezi hizo bila kujua. Hata leo daktari anayeshuku upungufu wa kalsiamu damuni anaweza kufunga mkanda wa kupimia presha mkononi, akaukaza na kusubiri dakika tatu. Vidole hunyooka na kujikusanya vyenyewe, kama vya mtu anayefinyanga tonge. Mwaka 1909, huko Baltimore, William MacCallum na Carl Voegtlin waliwatuliza mbwa waliokakamaa hivyo kwa sindano ya kalsiamu.

Aliyelipa gharama kubwa kuliko wote alikuwa nahodha wa meli, Charles Martell wa Marekani. Tezi yake moja ilikuwa na uvimbe uliomwaga homoni bila kikomo. Mifupa ilimong'onyoka, akapungua kimo kwa sentimita 18 hivi, figo zikajaa mawe. Kuanzia 1926 alipasuliwa mara saba, mara sita za kwanza bila kuuona uvimbe. Mwaka 1932 ulipatikana kifuani, karibu na moyo. Alifariki wiki chache baadaye.

Kifuani kulifikaje? Kwa kijusi, tezi hizi huanzia kwenye mifuko ya koo, palepale ambapo samaki huota matamvua, kisha hushuka shingoni. Ya Martell ilipitiliza. Mwaka 2004 Masataka Okabe na Anthony Graham wa London walionyesha kuwa undugu huo si wa mahali tu: jeni inayojenga parathairoidi kwa panya ndiyo inayojenga matamvua kwa samaki, na matamvua hayo yana kipokezi cha kalsiamu, kile ambacho kwa mara ya kwanza kilitambuliwa kwenye tezi za ng'ombe mwaka 1993.

Hapa ndipo wengi humpa silikanti wa Tanga cheo kisicho chake, cha babu yetu. Utafiti wa mwaka 2011 ulibaini kuwa silikanti wa kaskazini mwa pwani yetu ni kundi lenye nasaba tofauti na wale wa Komoro. Hilo ni lake kwa haki. Lakini babu yetu siye. Jenomu yake ilipochapishwa mwaka 2013 ilithibitisha kuwa samaki aliye karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu ni yule mwenye mapafu, na huyo hahitaji jarife la kina kirefu: ndugu zake ni kamongo, wanaouzwa kila siku kandokando ya Ziwa Victoria.